Furu, Samaki Wanaotenganishwa na Mwanga

Mwanza humwita furu, Wajaluo humwita fulu, na Uganda ni nkejje. Ni samaki mdogo mwenye miiba mingi, na sokoni hajawahi kushindana na sato. Kwa mpishi, furu ni furu tu. Kwa anayesoma baolojia, jina hilo limebeba spishi zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani ila Ziwa Victoria.

Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, wapo wanaokula samaki wenzao. Wapo pia wanaoishi kwa unyang'anyi: furu jike hulea mayai na vifaranga wake kinywani, na spishi kadhaa kazi yao ni kumlazimisha mama awateme ili wao wawameze. Furu ana taya za mbele za kukamatia na taya nyingine kooni za kusagia. Kwa kuwa kusaga kunafanyika kooni, taya za mbele ziko huru kubadilika kufuatana na chakula, na ndivyo zilivyofanya.

Kinachoshangaza ni umri wa ukoo huu. Katika miaka ya 1990 watafiti walizamisha mabomba kwenye tope la sakafu ya ziwa, wakavuta sampuli. Chini ya tope wakakuta udongo wa nchi kavu, wenye alama za vijizizi vya majani. Maana yake ziwa lilikauka, au lilikaribia kukauka kabisa, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Spishi 500 kwa muda huo? Wengi walitilia shaka, na walikuwa na haki, kwa sababu jeni mpya zenye manufaa huchukua muda mrefu kujitokeza zenyewe.

Jibu lilikuja mwaka 2017 kutoka kwenye jeni zenyewe. Furu wa Victoria na wa maziwa ya jirani ni uzao wa chotara. Zamani sana, kabla ziwa halijakauka, koo mbili zilikutana na kuzaliana, mmoja ukiwa na undugu na samaki wa upande wa Kongo, mwingine na wa upande wa Nile. Kwa hiyo waliolirudia ziwa jipya walikuja na akiba ya jeni za kila namna, na uteuzi asilia ukapata pa kuchagua tangu siku ya kwanza.

Lakini akiba peke yake haitoshi kugawa samaki wanaoogelea pamoja. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kisa kinaponoga. Kwenye visiwa vya mawe karibu na Mwanza kuna furu wawili ndugu: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Wa buluu hukaa maji ya juu, mwekundu chini kidogo. Katika maji ya ziwa hili mwanga wa buluu hufifia haraka, hivyo kadiri unavyoshuka unabaki zaidi ule wa njano na mwekundu. Ukipima jeni inayotengeneza kipokezi cha mwanga machoni, unakuta samaki wa chini wana toleo linaloona wekundu vizuri zaidi. Kila jike humwendea dume wa rangi ya aina yake. Watoto wanaotokana na mchanganyiko wa spishi hizi mbili si tasa, kwa hiyo kinachozitenganisha hasa ni uchaguzi wa jike.

Watafiti walilijaribu hilo. Wakaweka majike kwenye matangi, wakawasha taa ya rangi inayoficha tofauti ya buluu na nyekundu. Majike wakaacha kubagua. Ziwani nako mambo ni hayo hayo: maji yanapochafuka, kwa udongo wa mashamba na mwani unaostawi kwa uchafu wa miji, wanaonekana furu wa rangi za katikati, na spishi mbili zinarudi kuwa moja.

Ukiniambia kila aina iliumbwa na kuwekewa mpaka wake, nitakuuliza kwa nini mpaka huo unafutika maji yakitibuka. Mageuko yana jibu, na jibu lenyewe lina hatari ndani yake: kama majike wangeendelea kubagua chini ya taa ile, maelezo haya yangeanguka. Maelezo yanayokubali kuanguka ndiyo ninayoyaamini kwa urahisi zaidi, iwe kuhusu samaki au kuhusu binadamu.

Kisha akaja sangara, samaki mkubwa anayewala furu. Alipandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka au zilibaki kidogo mno. Waliosalimika hawakubaki vilevile. Watafiti walilinganisha furu waliohifadhiwa kabla ya mafuriko ya sangara na waliovuliwa baadaye katika Ghuba ya Mwanza. Baadhi ya spishi zilizokuwa zikila vijidudu vinavyoelea sasa zinakula wadudu wakubwa zaidi, na matamvua yao yamepanuka, jambo linalofaa kwenye maji yenye oksijeni haba.

Msomaji makini atauliza kama hayo ni mageuko kweli au ni mwili tu kuzoea mazingira, kwani samaki akikulia kwenye oksijeni haba hukuza matamvua makubwa hata jeni zake zisipobadilika. Swali hilo lina njia yake ya kujibiwa: chukua mayai ya furu hao, uyalee kwenye tangi lenye maji safi na hewa ya kutosha, kizazi cha kwanza hadi cha pili, kisha upime matamvua ya wajukuu.