Kazi ya Ugenini: Maneno kwa Waendao Qatar



Vijana wetu wengi, wanaume kwa wanawake, huvuka bahari kwenda nchi za Waarabu kutafuta kazi ya ulinzi, ya udereva, ya hoteli na ya nyumbani. Wazazi huuliza habari za nauli na mshahara. Wachache huuliza kazi ya huko ina desturi gani. Basi leo twapenda kusema machache juu ya Qatar.

Wazee wetu husema: Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mithali hii ni kweli nusu. Desturi nyingi za mwenyeji yafaa tuzifuate kwa moyo mweupe. Lakini liko jicho lisilovunjwa, nalo ni dhamiri.

Kwanza, saa. Saa ya Doha na ya Dar es Salaam ni moja, hazipitani hata dakika. Walakini mgeni akiambiwa kwa Kiarabu au kwa Kiingereza aripoti kazini saa 8 ya asubuhi, ajue kuwa ndiyo saa 2 yetu. Tena sikio letu laweza kutudanganya, maana saa, hesabu, daftari na sabuni ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu. Mtu husikia maneno mawili ayajuayo, akadhani ameelewa agizo zima. Heri aulize mara ya pili kwa adabu kuliko kuharibu kazi.

Pili, siku. Huko watu hupumzika Ijumaa, na Jumapili ni siku ya kazi. Je, Mkristo aache kazi? La. Katika Doha liko Kanisa la Mama Yetu wa Rozari, lililofunguliwa mwaka 2008, na Misa ya Jumapili husomwa humo hata siku ya Ijumaa. Mtumishi wa nyumbani amepewa na sheria ya mwaka 2017 siku moja ya kupumzika kila juma. Lakini wako wanyimwao siku hiyo. Huyo asijione ametupwa. Na asali chumbani mwake, maana Mungu hamdai mtu asichoweza.

Tatu, mwezi wa Ramadhani. Kula, kunywa au kuvuta tumbaku hadharani mchana ni kosa mbele ya sheria, hata kwa asiyefunga. Kadhalika ni kosa kumhubiria Mwislamu dini nyingine. Basi ushuhuda wetu na uwe kazi iliyofanywa vema hata msimamizi asipotazama.

Sasa twarudi kwenye lile jicho. Wako wadhanio kuwa unyenyekevu ni kukubali kila neno la bwana. Sivyo. Yusufu alimtumikia Potifa kwa uaminifu wote, lakini alipotakiwa uovu alikataa, ijapokuwa alitiwa gerezani. Mtumishi mwema hutii kazi, wala hatii dhuluma. Kwa hiyo ajue haki yake kabla ya kupanda ndege. Tangu mwaka 2021 sheria ya Qatar imeweka mshahara usiopungua riyali 1000 kwa mwezi. Na mwajiri asiyetoa malazi wala chakula sharti aongeze riyali 500 za malazi na 300 za chakula. Kuanzia tarehe 1 Juni hata 15 Septemba kazi ya juani imekatazwa toka saa 4 asubuhi hata saa 9 na nusu alasiri. Pasipoti ni mali ya mwenyewe. Sheria ya mwaka 2015 yamkataza mwajiri kuishika, isipokuwa mtumishi ameomba kwa maandishi. Basi asitie sahihi hati asiyoielewa, na nakala ya mapatano aiache kwa wazazi.

Nasi tubakiao nyumbani tuna wajibu wetu. Tusimdai mtoto fedha kabla hajapata mshahara wa kwanza, wala tusimwambie avumilie mapigo kwa sababu paa la bati halijaisha. Akipiga simu, tumwulize kwanza kama amelala, kama amekula, kama amesali. Mtoto ajuaye kuwa kwao wamtaka yeye kuliko riyali zake, huyo hupata nguvu ya kukataa ubaya.

Mungu awalinde wote walio safarini, awarudishe kwao salama.