Pipa Linalozunguka na Nguvu ya Ukuta

Mwaka 1949, katika sherehe za Oktoberfest mjini Munich, Ujerumani, umma ulionyeshwa chombo cha burudani alichokibuni mhandisi Ernst Hoffmeister, nacho ni pipa kubwa lililosimama wima, ambamo watu waliingia na kuegemea ukuta, likaanza kuzunguka pole pole hata likashika kasi, kisha sakafu ikateremshwa chini ya miguu yao, nao wakabaki wameganda ukutani pasipo kamba wala mkanda.

Aghalabu wanaoshuka humo huapa kwamba iko nguvu iliyowasukuma nje. Dhana hiyo, ijapokuwa mwili wenyewe ndio shahidi wake, si sahihi. Kwa mujibu wa kanuni aliyoieleza Isaac Newton mwaka 1687, kitu kinachokwenda hushika njia iliyonyoka kwa kasi ile ile, ila kikilazimishwa kuiacha. Basi abiria kila lahadha huelekea kwenda mbele moja kwa moja, na ukuta kila lahadha humrudisha kuelekea katikati ya duara, na msukumo huo wa mgongoni ndio anaoudhania kuwa ni yeye kutupwa nje. Lau ukuta ungetoweka ghafula, angeponyoka kwa mstari unaoligusa duara pale pale alipokuwa, wala si kwa mstari utokao katikati.

Hesabu ya msukumo wa ukuta kwa kila kilo ya mwili ni nyepesi: kasi huzidishwa kwa kasi yenyewe, kisha hugawanywa kwa nusu kipenyo. Tuseme nusu kipenyo ni mita 2, na mzunguko mmoja huchukua sekunde 2. Abiria huenda mita 6.3 kwa sekunde, na ukuta humsukuma kwa nguvu iliyo mara mbili ya uzito wake. Hapo msuguano ukifikia nusu ya msukumo huo, hatelezi. Na lililo la ajabu zaidi kwangu ni kwamba mnene na mwembamba wako sawa, kwani uzito na msukumo huongezeka pamoja.

Sasa, kwa hesabu hiyo hiyo, tulitazame gurudumu la burudani la George Ferris, lililosimamishwa Chicago mwaka 1893, lenye kipenyo cha futi 250, yaani mita 76, na vyumba 36 vya abiria. Kwa kuwa mzunguko wake mmoja ulichukua dakika 9, nguvu ya kumgeuza abiria haikufika sehemu moja katika elfu ya uzito wake, hata asihisi kitu. Lau lingezungushwa mzunguko mmoja kwa sekunde 12 na ushei, aliyefika kileleni asingekilemea kiti hata kidogo, na afikapo chini kiti kingemsukuma juu kwa nguvu iliyo mara mbili ya uzito wake.