Joto la Ghafla na Jasho Baada ya Tiba ya Saratani ya Matiti

Mama aliyetibiwa saratani ya matiti mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge vya kumeza kila siku. Kinachojulikana zaidi ni tamoksifeni. Humezwa kwa miaka 5, na wengine hushauriwa kuendelea hadi miaka 10.

Baada ya muda mama huanza kulalamika. Joto kali humpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, moyo humwenda mbio, na jasho humtoka hata nguo zikalowa. Dakika chache baadaye joto huondoka, naye husikia baridi. Wengine hudhani ni malaria, wengine huogopa kwamba saratani imerudi. Wapo wanaoacha vidonge kimyakimya, na hapo ndipo penye hatari.

KWA NINI HUTOKEA?

Saratani nyingi za matiti hukua kwa kuchochewa na estrojeni, yaani homoni ya kike. Tamoksifeni huizuia estrojeni isichochee saratani. Lakini estrojeni hiyohiyo huisaidia sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Ikizuiwa, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Joto likizidi kidogo tu, huamuru mwili upoe upesi: mishipa ya damu ya ngozini hutanuka na jasho hutoka. Ndiyo hali ileile inayowapata akina mama wanapokoma hedhi. Si dalili kwamba saratani imerudi.

Hata hivyo, ukiwa na homa, kapime malaria. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, kapime kifua kikuu.

UFANYE NINI?

1. Angalia joto huja baada ya nini. Chai ya moto sana, pilipili, pombe na wasiwasi huweza kulileta. Punguza kile kinachokusumbua.

2. Vaa nguo za pamba, si nailoni. Jifunge khanga juu ya nguo nyepesi, uweze kuitoa upesi.

3. Usiku tandika shuka la pamba, na uweke karibu maji ya kunywa, kitambaa kibichi na nguo ya kubadili. Chandarua usikiondoe kwa sababu ya joto.

4. Joto likianza, keti. Vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe taratibu.

5. Kama unavuta sigara, acha.

DAWA

Joto likikunyima usingizi au kazi, mweleze daktari. Zipo dawa zisizo na homoni, kama venlafaksini na gabapentini, ambazo huwasaidia wengi. Usijinunulie dukani, kwa sababu dawa nyingine, kama paroksetini na fluoksetini, huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni. Vidonge vya homoni wanavyopewa akina mama wengine waliokoma hedhi havikufai wewe. Kabla ya kutumia mitishamba, muulize daktari.

Nenda hospitali upesi ukivimba mguu mmoja wenye maumivu, ukiishiwa pumzi ghafla, au ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi.

JAMAA WA NYUMBANI

Baba, mkeo akifunua shuka usiku wa manane au akihamia mkekani, hajakukasirikia. Mletee maji. Watoto nao waelezwe, wasidhani mama yuko karibu kufa. Asiachiwe peke yake kazi za mekoni penye moto na moshi.

Kwa saratani ya aina hii, kumeza tamoksifeni kwa miaka 5 hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Faida hiyo humpata anayeendelea kumeza. Kwa hiyo, mama, usiache kidonge kabla ya kuonana na daktari wako. Anaweza kukutuliza joto, au kukubadilishia dawa, na ulinzi wako ukaendelea.