Mnyoo Alaye Matumbawe ya Nyumbani

Wafugao matumbawe hai katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi hudhani kwamba tumbawe likipauka, kosa ni la taa. Si kila mara. Yakionekana madoa meupe ya mviringo juu ya matumbawe ya jamii ya Akropora, yafaa kumshuku mnyoo bapa, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 2011. Rangi yake hufanana mno na ya tumbawe, hata mtu humtazama asimwone. Lipulizie maji kwa bomba la sindano, naye atabanduka.

Dawa ya kuchovya huua minyoo, lakini mayai ya kahawia, yaliyogandishwa penye shina lisilo na nyama, hayafi. Hayo yakwanguliwe kwa kisu. Kisha tumbawe litengwe, lichovywe kila wiki kwa wiki sita hivi. Tumbawe jipya lisitiwe tangini siku linaponunuliwa, hata muuzaji akiapa.