Kuhamia Ng'ambo Moja kwa Moja

Tangu vita vya Januari 2025 hapa Goma, waalimu na wauguzi si haba wamewaza kuhamia ng'ambo moja kwa moja. Hatuwalaumu, mzazi hutafuta pa kulea wanawe. Lakini twawashauri wafikiri mambo mawili. Kwanza, huko Quebec, ingawa Kifaransa husemwa kama shuleni kwetu, muuguzi mgeni hauguzi mpaka baraza la wauguzi limkubali. Huenda akarudi darasani, na umri umekwisha kwenda. Pili, Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, yasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine: ukiupokea wa Kanada, umeuacha wa kwetu. Basi ketini kwanza, mume na mke, pamoja na wazee. Kwenda si kosa. Kwenda bila kujua ndiyo hasara.