Kuipima Spika Nyumbani

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya", Watanzania wapatao 2,000,000 walijifunza kanuni za afya wakiwa wamekaa katika vikundi kuizunguka redio. Sauti yote ya kipindi ilipitia katika koni ya spika. Koni ikikwaruza, somo limeharibika. Hata leo mwalimu wa Busawe, mkoani Mara, ambaye spika ya shule yake inakoroma, aweza kuitupa au kulipia matengenezo yasiyohitajika, ilhali vipimo vya kutosha anavyo nyumbani.

Tuanze na betri moja ya volti 1.5. Ifungue spika kutoka kwenye redio, kisha igusishe nyaya za betri kwa sekunde moja tu. Spika nzima italia "tak", na koni itaruka mbele endapo chanya imekutana na chanya. Halafu isukume koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku.

Makosa mengi hutokea kwenye mita. Spika imeandikwa omu 8, mita inasoma 6.5, na mwenye mali anaambiwa imekwisha. Si kweli hata kidogo. Mita hupitisha mkondo mnyoofu, nayo hupima waya wa koili peke yake. Muziki na maneno ni mkondo geu: koili inapotikisika ndani ya sumaku huzalisha umeme unaoupinga ule unaoingia, na ukinzani hupanda. Katika masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe, waweza kupita omu 30. Mita isipoonyesha kabisa kwamba mkondo unapita, hapo ndipo waya umekatika.

Nguvu ya sauti ni ngumu zaidi kuipima, kwani kuta huirudisha. Nilipokuwa masomoni ng'ambo tuliipima katika chumba kilichofunikwa sufi pande zote, chumba cha gharama kubwa. Shamba la Busawe lililokwisha kuvunwa, alfajiri pasipo upepo, lafaa vilevile. Chimba shimo, fukia sanduku la spika hadi uso wake ulingane na ardhi, ukielekea juu. Spika ikitoa mlio mmoja usiobadilika, funga kwenye ufito simu yenye programu ya kupima sauti, kwanza mita 1 juu yake, kisha mita 2. Kipimo kipungue desibeli 6 hivi. Tarakimu yenyewe ya simu siiamini sana. Tofauti ya vipimo viwili naiamini. Ikipungua 3 tu, tafuta ukuta ulio karibu. Na kabla ya kufukia, ziba matundu ya sanduku kwa nailoni, maana chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye sumaku, mkwaruzo utakuwa umeutengeneza mwenyewe.