Butembo: Gari ikikataa kuwaka, usikimbilie kununua demarere nyingine

Asubuhi na mapema mjini Butembo, kwenye paki za magari yanayoelekea Beni, si jambo la kushangaza kuona vijana wanne au watano wakisukuma Toyota ya zamani ili iwake. Shofere ameshika usukani, abiria wanangoja kando na mizigo yao. Gari inaposhika moto, safari inaanza, na shofere anajua kwamba hataizima tena mpaka afike.

Hayo ni maisha ya mwenye demarere mbovu. Demarere ni mota ya umeme inayozungusha injini mpaka ianze kujiendesha yenyewe. Ikikataa, kuna wanaolala na gari kwenye mteremko ili asubuhi ishuke yenyewe na kuwaka. Wengine hawazimi injini mchana kutwa, na mafuta yanaisha bure. Mwenye gari ya otomatiki hana hata njia hiyo, kwani gari hiyo haiwaki kwa kusukumwa. Na kwenye barabara ya taifa namba 2, ambako watu huogopa kukutwa na usiku njiani kwa sababu ya usalama, gari kuzimika na kukataa kuwaka jioni si shida ya pesa tu.

Ndiyo maana wengi hukimbilia dukani mara moja. Lakini kununua haraka kunaweza kumlipisha mtu mara mbili: demarere inabadilishwa, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye batri au kwenye kable.

Sikiliza kwanza

Gari yenyewe husema inapoumwa. Ukigeuza ufunguo ukasikia tak-tak-tak ya haraka, shuku kwanza batri iliyochoka au vichwa vyake vilivyolegea na kushika kutu. Ukisikia tak moja tu, kisha kimya, washa taa za mbele na ujaribu tena. Taa zikififia sana, rudi kwenye batri na kable. Zikibaki na nguvu, hapo ndipo demarere inashukiwa.

Ikizunguka kwa mlio wa juu bila kugeuza injini, kifaa kinachosukuma meno yake kwenda kukamata injini kimechoka. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, meno yameliwa. Na ikiwa inakubali tu baada ya kugongwa kidogo kwa nyundo, mara nyingi makaa ya ndani yamekwisha. Kimya kabisa kinaweza kutoka kwenye fyuzi, kwenye ufunguo au, kwa gari ya otomatiki, kwenye swichi ya gia. Jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P kabla ya kufungua chochote.

Fundi mwenye kipimo cha umeme anamaliza ubishi kwa dakika chache. Batri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6. Wakati wa kuwasha haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, batri ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Isiposhuka sana na injini haizunguki, apime kable, ile inayokwenda kwenye demarere na ile ya masi, kabla ya kuhukumu.

Kutengeneza, okazioni au mpya?

Demarere ikithibitika kuwa na kosa, njia ya kwanza ni kuitengeneza ileile. Kwenye Toyota nyingi za zamani, demarere ni ya Denso. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyopitisha umeme kila mara ufunguo unapogeuzwa, na taratibu huliwa. Tak moja inayofuatwa na kimya mara nyingi hutoka hapo. Vipande hivyo na makaa hubadilishwa bila kutupa mota nzima, na gharama yake ni ndogo kuliko ya demarere kamili. Lakini kukiwa na harufu ya nyaya zilizoungua, au sehemu ambayo makaa hugusa ikiwa imeliwa sana, kutengeneza ni kuchelewesha tu.

Njia ya pili ni okazioni, iliyotolewa kwenye gari iliyokatwakatwa. Vipuri vya namna hiyo huingia Butembo kupitia mpaka wa Kasindi, na wafanyabiashara hununua pia Kampala, ambako soko la Kisekka linajulikana kwa vipuri. Okazioni ya kiwanda inaweza kudumu kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina. Hata hivyo, kuzunguka juu ya meza ya muuzaji hakutoshi, kwa sababu pale haina mzigo wa injini. Angalia meno, tikisa mhimili, nusa. Kisha mkubaliane kabla ya kulipa, kwa maandishi, itarudishwa baada ya siku ngapi ikishindwa kwenye gari.

Njia ya tatu ni mpya. Hapo katoni nzuri si ushahidi, kwani jina la kiwanda kikubwa huchapishwa hata kwenye bidhaa za kuiga. Linganisha uzito, maandishi na namba na ile ya zamani, na uombe fakture yenye garanti.

Namba ndiyo inayosema

Kosa kubwa ni kununua kwa jina la gari tu. Corolla mbili za rangi moja zinaweza kuwa na injini tofauti. Peleka demarere ya zamani sokoni na uziweke mbili pamoja: idadi ya meno, matundu ya bulo, urefu wa pua, mahali pa kufunga kable. Soma kibandiko, kwa Toyota, namba ya demarere huanza na 28100. Hakikisha pia kama ni ya otomatiki au ya gia za mkono, kwani zinaweza kutofautiana.

Volti nazo ni za kuangaliwa. Malori kama Fuso hutumia 24. Kuna pia Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani ambazo huwashwa kwa volti 24, ingawa taa zake ni za 12. Demarere ya volti 12 ikipewa 24 inaweza kuungua, na ya 24 ikipewa 12 inazunguka kwa uvivu.

Siku ya kufunga, fundi atoe kwanza kable ya masi kwenye batri na asafishe vichwa vyote. Baadaye, usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10; acha ipoe kabla ya kurudia.

Na kwa shofere anayeendesha gari ya mtu: rudi na demarere ya zamani pamoja na fakture. Mwenye gari akiviona kwa macho yake, hana sababu ya kuuliza pesa ya siku ile ilikwenda wapi.